Kioo Ambacho Sikukifunika

Mtoto akitazama, ni wa nani?

Akilala ni wangu, maana nimemlaza mimi. Akila ni wangu, nimempakulia na mwiba wa samaki nimemtolea. Akitoka kucheza ni wa mtaa mzima, ndiyo maana zamani jirani alikuwa na haki ya kumkemea na kumrudisha nyumbani kamshika sikio. Lakini akiwa ametulia pembeni mwa ukumbi, kimya, macho kayakaza kwenye kitu kinachong'aa, mwili uko kwangu na macho yako kwa watu nisiowajua, hapo ni wa nani? Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la saba, na mwalimu wetu alizoea kusema kwamba swali lisilo na jibu limeulizwa vibaya. Sasa naona alikosea. Kuna swali linaloulizwa vizuri kabisa, ila kila anayelisikia hugeuza shingo kumtazama aliye nyuma yake.

Mji wetu sina jina la kukupa. Ulikuwa nalo, likapotea siku jua lilipokwama. Siku hiyo alizikwa mume wangu, Makame. Walimsalia baada ya alasiri, wakambeba, kila mwanamume akigombea kutia bega lake chini ya jeneza, na waliporudi kutoka makaburini wakipangusa udongo viganjani, jua lilikuwa palepale walipoliacha. Tukangoja lishuke. Halikushuka. Muadhini wetu akatazama juu, akatazama kivuli cha mnara kilichoanguka kwenye kibaraza chetu kama paka aliyezoea pahala, akakohoa, akaadhini tena alasiri. Tukasali. Akakaa, akatazama kivuli, akaadhini alasiri. Tangu hapo hatujui sala nyingine. Wala sisemi hili kwa kufanya mzaha na dini, Mungu apishe mbali. Nasema jinsi ilivyokuwa. Mtu akiwa na msiba, mchana mmoja humkalia mpaka akausahau usiku ulikuwa na rangi gani.

Mjane hukaa eda. Eda huhesabiwa kwa siku, na siku huhesabiwa kwa machweo. Pasipo machweo, mjane atahesabu nini? Nilikaa. Nilikaa mpaka eda ikawa si muda tena, ikawa nyumba.

Aliyekuja kunikalia ni wifi yangu, Mize, dada yake Makame, mwanamke wa maneno, ambaye hata akilia huacha upande mmoja wa mdomo wa kutania. Kwa desturi ya bibi zetu, mjane haangalii kioo mpaka eda iishe. Basi siku ya kwanza tulipita chumba kwa chumba kufunika.

"Cha kabati?" aliuliza Mize.

"Nimekitupia kanga."

"Cha chooni?"

"Nimekigeuza."

"Na lile sinia la shaba? Linang'aa lile, mtu hujitia wanja humo akapendeza."

"Nimelipaka majivu."

"Ndoo ya maji je?"

"Na ndoo, wifi?"

"Wifi yangu, maji nayo yana uso. Lete kawa tufunike. Sitaki kesho waseme Mize alimkalia mjane akamwacha anajipamba kwenye ndoo."

Tukaifunika ndoo. Tukafunika kioo cha saa ya ukutani, ambayo hata hivyo ilikuwa imesimama. Nyumba nzima haikubakiwa na pahala pa mtu kuuona uso wake, nami nikakaa kwenye mswala wangu nikiona nimetimiza.

Kimoja nilikisahau. Sikukisahau, nisiseme uongo. Nilikitoa kwa mkono wangu.

Kilikuwa kioo cha mkononi cha marehemu. Miji mingine huita simu. Sisi tuliita kioo, kwa sababu kikizimwa unajiona wewe, na kikiwashwa unaona kila mtu isipokuwa wewe. Zamda, binti yangu wa pekee, alikuwa akipita kwenye magoti ya wanawake waliokuja matangani, anauliza huyu, anauliza yule: "Baba anarudi lini?" Wanawake wakawa wanaangalia chini. Khitma inasomwa, mtoto anauliza. Nikamvuta, nikakitoa kioo chini ya mto, nikamwambia, "Shika, cheza hapo, mama anasoma." Akanyamaza. Akanyamaza vizuri mno. Mwanamke mmoja akaniinamia sikioni akasema, "Mashaallah, mtoto wako ana adabu." Nami, mume wangu hata udongo haujamkaukia, nikaona fahari.

Hapo ndipo ilipoanzia. Ukiniuliza ni wapi, ni hapo, kwenye ile fahari.

Kwa kuwa siku haikwisha, umri nao ulipoteza njia. Zamda alikuwa akinijia mswalani ana miaka kumi na miwili, akigeuka kuondoka ana minne, gauni linamvuka. Wakati mwingine nilisikia hatua nzito, nikainua macho, nikamwona mwanamke mtu mzima mwenye mwendo wa marehemu mama yangu, kabeba kioo kilekile. Kila alipokuja alisema neno moja.

"Mama."

"Ngoja nimalize."

Alikuwa akingoja. Nilitoa salamu, nikaleta uradi, nikavuta tasbihi, punje baada ya punje, kwa ajili ya baba yake, si kwa ajili ya mtu mwingine. Kabla tasbihi haijaisha adhana ikalia. Alasiri. Nikasimama.

"Mama."

"Ngoja, Zamda. Huoni nasali?"

Alikuwa akiona. Sala yangu ilikuwa ya kweli, sikuwa najificha, nilidhani sijifichi. Lakini je, mtu hujuaje? Pazia ni pazia, likiwa la hariri au la gunia. Aliye nyuma yake hajulikani anasitirika au anakwepa, na mara nyingine hata mwenyewe hajui. Najua tu kwamba kila "ngoja" yangu mtoto aliipokea, akageuka, akaenda kukaa pembeni, na mwanga wa kile kioo ukamlamba mashavu.

Aliyegundua ni Mize. Alikuwa anamsuka nywele ukumbini, nikasikia chanuo kinaanguka.

"Wifi, njoo. Njoo upesi. Huyu mtoto nyusi zake zimekwenda wapi?"

Nikaja. Zamda alikuwa kakaa katikati ya miguu ya shangazi yake, kainamia kioo. Mize akamwinua kidevu. Nyusi hazikuwapo. Mdomo haukuwapo. Pua ilikuwa alama tu, kama alama ya kidole kwenye unga. Uso umelainika kama yai la kuchemsha lililomenywa. Yalibaki macho. Ndipo nikakumbuka kwamba tabasamu lilitangulia zamani, na vile vishimo vya mashavuni, na sisi tukasema anakua, anakuwa mtulivu, anamlilia baba yake.

"Umewapa nani uso wako?" nilimuuliza, nikimtikisa. Swali gani hilo kwa mtoto asiye na mdomo?

Mize akakichukua kioo akakitazama. Mimi niligeuza shingo. Hata wakati ule niligeuza shingo, kwa kuwa nilikuwa eda.

"Umo humu, wifi," alisema. "Uso wake umo humu. Unacheka."

"Unamchekea nani?"

"Simwoni. Yuko upande wa pili." Kisha akakisogeza kioo sikioni. "Wifi. Sauti ni ya kaka yangu."

Nami nikaisikia. Ilikuwa ya Makame kabisa, ile sauti yake ya upole, yenye mkwaruzo wa mtu aliyetoka kunywa kahawa. Ilisema, "Vizuri, mwanangu. Sasa bado macho tu. Nipe macho, na wewe mwenyewe utayafuata uje kwangu."

Yatupasa tuseme yaliyo mioyoni, ama sivyo tunaandika nini. Kabla sijaogopa, nilifurahi. Nilitaka iseme tena.

Aliyeniamsha ni Mize. Alikivuta kioo kwenye upindo wa kanga yake akasema, "Kaka yangu nilimwona kwa macho yangu akioshwa. Hawi humu. Vaa buibui, wifi, uende serikalini. Vioo hivi wao ndio walioviruhusu, nguzo zake za mawimbi wao ndio waliozisimamisha. Waje wamtoe mtoto."

"Niko eda, Mize."

"Dharura. Sheikh gani atakukataza? Nenda, na mtoto nenda naye. Mimi nabaki na mlango."

Nikamshika Zamda mkono. Njiani mkono ulikuwa mara mkubwa, mara mdogo, mara mkono wa kikongwe unaonishikilia mimi nisianguke.

Serikali ya mji wetu hukaa kwenye nyumba iliyougeuzia mtaa mgongo. Ukifika unaona ukuta, unazunguka, unaona ukuta, unazunguka, na mlango unauona pale tu ukishachoka. Ofisi ya Macho ilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi, na mabenchi yalijaa wazazi, na kila mzazi alikuwa na mtoto wake pembeni, na watoto wote walikuwa mayai. Mbele alikaa Bwana Faki, mkuu wa ofisi hiyo, mwanamume nadhifu mwenye kofia ya vito na macho ya mtu ambaye hajalala, ingawa kulala kwetu kulikuwa kumesahaulika.

Aliyekuwa anasema ni Baba Shemsa, seremala, vumbi la mbao bado liko kwenye kope.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Kioo kilipoingia mjini, mimi nilikuwa wapi? Niliulizwa? Nimeamka nimekikuta. Kama ni sumu, anayeacha sumu iuzwe ni nani?"

"Na aliyemnunulia mtoto ni nani?" aliuliza Bwana Faki.

"Kila mtoto anacho! Asipokuwa nacho wangu, wenzake wanamwona bwege."

"Kwa hiyo Serikali ije ilale kitandani kwako, katikati yako na mama Shemsa, iangalie mtoto anatazama nini?"

Watu wakacheka. Baba Shemsa naye akacheka, halafu akajiona anacheka, akakasirika.

"Tuliwaletea kufuli," Bwana Faki akaendelea. "Kila kioo kilikuja na kufuli lake. Mngefunga, watoto wasingeingia kusiko kwao. Nani alifunga?"

Kila mzazi akageuza shingo. Mwanamke aliyekaa karibu yangu akasema polepole, "Mimi nilifunga, mheshimiwa. Ila sikujua linafungwaje. Nikamwomba mwanangu anifundishe."

Safari hii hakucheka mtu, maana karibu wote tulikuwa tumefanya hivyohivyo. Ufunguo tuliuomba kwa yule tuliyetaka kumfungia.

Nikasimama. Si kawaida yangu kusema mbele ya watu, lakini nilisema. "Bwana Faki, hilo ni letu, nalikubali. Lakini barabara ikichimbwa shimo, mama huambiwa amshike mtoto mkono, na mwenye kuchimba huambiwa azungushe uzio. Hamkutuambia shimo lina kina gani. Mlituita tuje kupiga makofi nguzo zikisimama. Nilikuja. Nilivaa nguo mpya."

"Kweli," alisema Bwana Faki. "Na kioo ulimpa wewe."

"Kweli. Nilimpa mimi."

Kweli mbili zikakaa pale mezani, kila moja imempa mwenzie mgongo. Nikawaza jeneza la Makame lilivyopita juu ya vichwa vya wanaume, kila mmoja akipenyeza bega, "nipe na mimi, nipe na mimi thawabu." Maiti hugombewa. Huyu mtoto mzima, aliye hai, anapumua, kila bega linaloletewa linamtelezesha.

Bwana Faki akatuonyesha njia mbili. Ya kwanza, mzazi aweke kidole kwenye wino, kioo kichukuliwe kitiwe ghalani, mlango ufungwe, na lawama ya mzazi ifutwe siku hiyohiyo.

"Na uso wa mwanangu uliomo?" niliuliza.

"Utahifadhiwa."

"Utarudi?"

"Utahifadhiwa, mama."

Nyuma yake karani alifungua mlango wa ghala aingize vioo vilivyokwisha kukusanywa. Nikasikia vicheko vya watoto humo gizani, vingi, vimerundikana, kama vifaranga ndani ya gunia.

"Ya pili?" aliuliza Baba Shemsa.

"Ya pili, mzazi aingie mwenyewe. Akae, atazame yote aliyoyatazama mtoto, tangu mwanzo. Amtafute humo."

Hapo ndipo nilipoona jinsi watu wazima tunavyofanana. Baba Shemsa akasema yeye ana kazi, milango ya watu inamngoja. Mwanamke wa pembeni yangu akasema maandishi ya humo ni madogo, macho yake hayawezi. Mwingine akasema mtoto wake atachukia kuchunguzwa. Ikafika zamu yangu, na chumba kizima kikanigeukia na buibui langu.

"Mimi niko eda," nikasema. "Haifai nitazame kioo."

Wakanipisha. Wakainamisha vichwa kwa heshima. Bwana Faki akaweka mkono kifuani akasema, "Mjane hatumkalifishi." Katika nyudhuru zote zilizotolewa pale wangu ulikuwa mweupe kuliko zote, umefuliwa, umepigwa pasi. Nikaketi nimeuvaa. Na Zamda, ambaye hakuwa na mdomo wa kunishitaki, alinitazama kwa yale macho yaliyobaki. Moja lilikuwa linafifia, kama doa la mafuta linalokauka kwenye kitambaa.

Eda. Nani kanikataza? Bibi zetu. Kwa nini? Ili mjane asijipambe, asitamani, asionekane kasahau. Bibi zetu walifunika kioo ili tusijione sisi. Hawakusema tusiwaone watoto. Basi mimi nilifunika nini?

"Nataka kuweka kidole?" nilijiuliza, na kidole changu kilikuwa tayari kimenyooka. Nikakikunja.

"Sichukui ya kwanza," nilimwambia Bwana Faki.

"Adhana ijayo gari la kukusanya linapita kwenu, mama. Kwa amri, si kwa hiari. Vioo vyote."

"Basi mpaka adhana. Lakini sikia, baba. Naenda kubeba upande wangu wa huu mzigo. Ukiniona nimeubeba, usije ukadhani ule upande wako umebebwa."

Bwana Faki alitia mkono mfukoni akashika kitu kilichokuwa kinang'aa kupitia kitambaa, akakibana, na sura yake ikawa ya baba wa mtu.

Nyumbani, Mize alikiweka kioo juu ya mswala. Nilikaa. Zamda nikamkalisha pembeni yangu. Nilisema Bismillahi. Nikatazama.

Kwanza nilijiona mimi. Sikuwa nimejiona tangu alipokufa. Alikuwa mwanamke mwingine, mwenye midomo iliyozoea kutamka neno moja. Kisha akapasuka katikati kama ngozi ya maziwa, nikapita.

Huko ndani ni mji. Una watu wengi kuliko wote niliowahi kuwaona, na hauna milango. Ni vizingiti vitupu, na watu wanaingia na kutoka kwenye vyumba vya wenzao wakiwa wamelala, wakiwa wanaoga, wakiwa wanalia, na hakuna anayeshangaa. Nilitembea nikiyakuta maneno ya Zamda yamelala chini kama maganda ya njugu, mahali alipopita. Nikayaokota moja moja. Baba anarudi lini? Mtu akifa anaona? Mama anasali mpaka lini? Na mbele kidogo, dogo kuliko yote: Kuna mtu ananiona?

Kando ya kila swali lilikuwapo jibu, limeandikwa upesi. Mimi nakuona. Mimi nakuona. Nakuona, nipe tabasamu nikuone vizuri.

"Mwanangu yuko kwangu," ilisema sauti ya Makame nyuma yangu. "Na wewe umekuja, mke wangu?"

Nilitaka kugeuka. Lakini nilikuwa nimeishi na Makame. Makame alikuwa mtu wa kubisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, ufunguo uko mkononi. Zamda alikuwa akimcheka: "Baba, si kwako hapa?" Naye hujibu, "Nyumba ni yangu, stara ni yenu," akangoja pale nje mpaka tuseme karibu.

"Uliingiaje kwa mwanangu?" niliuliza bila kugeuka.

"Palikuwa wazi."

"Ulipiga hodi?"

Sauti iliyojibu haikuwa ya Makame tena. Ilikuwa ya mtu yeyote, ya vijana, ya wazee, ya wanawake, zimesokotwa pamoja kama kamba. "Hodi kwa mlango upi, mama? Huku hakuna milango. Yeye aliita, sisi tukaitika. Wewe ulisema ngoja. Tumekuzidi hilo tu."

Kuna maneno ya adui ambayo Mungu humwachia ayaseme kwa sababu ni kweli. Niliwapita. Na walinipisha, maana mimi sikuwa na uso wa kuwauzia.

Mwisho wa mji ule nilikuta ukuta wa madirisha, na yote yamezibwa. Nilipokaribia nikayatambua. Kanga yangu, ile ya kabati, maandishi yake nayaona kwa nyuma. Ubao wa kile cha chooni. Majivu ya sinia. Kawa la ndoo. Vilikuwa vioo vya nyumbani kwetu vikitazamwa kwa ndani. Kumbe hapa ndipo mtoto angechungulia auone uso wake ukiwa kwetu, ukiwa na pua ya baba yake na paji la mama yake, aseme, huyu ni mimi, na wale ni wangu. Nilikuwa nimezunguka chumba kwa chumba kumzibia. Kisha nikamwachia kile kimoja tu cha kujionea kwa watu. Nikazibua. Majivu nikayafuta kwa mkono, kawa nikalisukuma, ubao nikaugeuza.

Ilibaki kanga. Nyuma yake palikuwa na mtu. Kanga ilikuwa ikipumua, inaingia, inatoka.

Mkono wangu ulishaishika. Mimi ni mama, nani angenizuia kuivuta? Nami nikaona kwamba hivyo ndivyo wote walivyomwingilia. Nikaiachia. Nikajinyoosha, nikatengeneza buibui langu, nikasimama pembeni mwa uwazi, kama Makame.

"Hodi," nikasema.

Kwa mbali, kutoka nje, nikasikia magurudumu ya gari la kukusanya, na Mize anafoka, "Huyo mwenye nyumba yuko kazini! Sukumeni huo mkokoteni wenu mkaanzie kwa wakubwa!"

"Hodi, Zamda."

Kanga ikatulia, kama mtu kazuia pumzi. Adhana ikaanza. Adhana ya alasiri na ya magharibi maneno yake ni mamoja. Mtu huzijua kwa kivuli tu, na huko nilikokuwa hapakuwa na kivuli. Sikujua kama jua bado limekwama au limeanza kushuka. Nje mtu alikuwa amefika mlangoni. Hakusukuma. Nikamsikia Bwana Faki, sauti ndogo, sauti ya mtu asiyezoea neno hilo, anasema hodi kwenye nyumba yangu. Hakuna aliyemwitikia.

Dini imetufundisha tubishe mara tatu. Usipoitikiwa, rudi. Ilinibaki moja. Niliishika mdomoni muda mrefu, nikiogopa kuitumia.

"Hodi, mwanangu."

Nyuma ya kanga kitu kikasogea. Kisha ikaja sauti, nyembamba, ya mdomo unaojifunza tena pahala pake.

"Nani?"

"Mama yako."

"Mama yupi?"

Niliangalia chini. "Yule wa ngoja," nikasema.

Akafikiri. Nilimsikia anafikiri. Sijui alikuwa na miaka mingapi huko ndani, minne, kumi na miwili, au alikuwa mzee kuliko mimi.

"Ngoja," alisema Zamda.

Nikaketi chini palepale, mgongo ukutani, uso nimeuelekeza kwenye kanga. Ngoja moja tu. Mimi nilimpa ngapi?